Fundi wa Remba na Kisanduku Kilichonyamaza

Kwa robo saa nzima fundi hakugusa bisibisi. Kisanduku cha umeme wa akiba, hiki ambacho wengi wetu tunakiita UPS, kilikuwa mezani mbele yake, kimetulia kama kobe aliyeficha kichwa, naye alikuwa akimhoji mwenye nacho. Kilizimika saa ngapi? Kilikuwa kimebeba kompyuta peke yake, au na printa pia? Kililia kabla ya kuzima, au kilikata ghafla? Uliposikia kikilia, jenereta ilikuwa inanguruma au imezimwa? Tangu siku hiyo kimekaa wiki ngapi bila kuchomekwa?

Mwenye nacho, mama wa makamo anayeendesha kibanda cha kuchapisha picha, kutoa nakala na kuchaji simu, alikuwa ameanza kuchoka. Alikuja na jibu lake tayari. Kijana mmoja alikwisha kumwambia kwamba kisanduku kimekufa, avuke ziwa hadi mjini Mbita akanunue kingine. Alichotaka kwa mzee huyu ni kuthibitishiwa kifo tu.

"Fundi, si ukifungue uone?"

"Nyar Karachuonyo," alimjibu kwa upole, yaani binti wa Karachuonyo, "nikikifungua nitaona vumbi. Aliyekiona kikifa ni wewe."

Basi mama akavuta kopo la rangi lililogeuzwa kiti, akaketi, akaanza kukumbuka. Kilizima jioni. Hakikukata ghafla, kililia kwanza. Na kwa kweli kilikuwa kikilia kila jioni kwa muda mrefu, hata jenereta ikiwa imewaka, na ndani yake kulikuwa na mlio mwingine, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Alishauzoea. Kisha jenereta ya jirani ikaharibika, kisanduku kikakaa wiki tatu bila kazi, na jenereta iliporudi, kitufe kilibonyezwa na hakikujibu kitu. Si taa, si mlio.

Fundi alirudia maneno mawili tu kati ya yote hayo: "Tak, tak." Akanyamaza. Wakati ule sikujua kwamba alikuwa ameshika ncha ya uzi.

Remba ni kisiwa kidogo cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay. Ukikikaribia kwa mashua, unachokiona kwanza ni mabati: nyumba zimebanana bega kwa bega, nyingine zimepanda juu ya miamba kama zinakimbia maji. Wanaoishi hapa wametoka Kenya, Uganda na Tanzania, wakifuata samaki, mbuta na omena, na ndiyo maana ukipita vichochoroni utasikia Kijaluo, Kisuba na Kiswahili cha lafudhi tatu tofauti kabla hujamaliza soda yako. Umeme wa mtaa ule nilioufikia mimi ulikuwa wa paneli za jua na wa jenereta. Jenereta moja hulisha vibanda kadhaa kwa malipo ya jioni: friji ya samaki na soda, televisheni ya ukumbi wa mpira, kinyozi, na kibanda cha mama wetu. Mafuta yakiisha katikati ya kazi, kompyuta huzimika na picha za mteja hupotea. Kisanduku kile kilikuwa kinampa dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Kwa biashara ya ukubwa wake, dakika kumi hizo ni mali.

Fundi mwenyewe alianza ufundi akiwa kijana kwa kuzibua karabai. Wasomaji wa mjini labda wamezisahau: taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu, ambazo wavuvi wa omena walikuwa wakiziweka zielee majini usiku wa giza ili kuwavuta samaki kwenye mwanga. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za balbu ndogo zinazotumia betri na jua, na fundi amehama nazo. Lakini elimu yake ni ya karabai. Alinieleza kwamba karabai isipowaka, makosa huwa mahali patatu: mafuta hayapo au ni machafu, au tundu la kupitishia mvuke limeziba, au taa yenyewe imepasuka. Na aliyemfundisha alimchapa kofi siku alipolibomoa tangi la taa ambayo haikuwa na tatizo lolote ila mafuta yenye maji.

Kwa hiyo mpaka leo huuliza kwa mpangilio huo huo: chakula, njia, mwili. Kifaa kinakula nini? Chakula kinapita wapi mpaka kikifikie? Mwili wenyewe, anaugusa mwisho. Nimeona mafundi wengi wenye vyeti ukutani wanaoanza na mwili, kwa sababu mwili ndio unaoonekana na ndio unaomvutia mteja anapoona bodi ya kijani imejaa vidude. Huyu hana cheti ukutani.

Alianza na plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ya mstatili, tulizorithi kutoka kwa Waingereza, huwa na fyuzi ndani, na fyuzi hiyo hukata bila kumwambia mtu. Akaitoa, akaipima kwa mita, mita ikalia pii. Nzima. Akaupinda waya wa kisanduku polepole, kiwiko kwa kiwiko, huku vidole vya mita vikiwa vimebanwa ncha zote mbili, akisikiliza kama mlio utakatika. Haukukatika. Akakigeuza kisanduku, akatafuta nyuma kile kitufe kidogo cheusi kinachoruka nje kifaa kikibebeshwa mzigo kupita kiasi. Kilikuwa ndani, mahali pake. Watu wametupa visanduku vizima kwa sababu kitufe hicho kiliruka na hawakujua kwamba kinarudishwa kwa kidole.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Aliinamisha uso, akaweka pua kwenye matundu ya hewa, akafumba macho, akavuta pumzi. Aliponyanyuka alisema tu, "Hakijaungua." Nilimwomba anifafanulie. Transfoma ikiungua, alisema, hunuka vanishi iliyochomwa, harufu inayokaa miezi. Betri iliyochajiwa kupita kiasi hunuka yai viza. Kapasita ikipasuka hunuka kama samaki aliyelala. "Na mimi," akaongeza, "samaki aliyelala namjua."

Ndipo akafungua, si kisanduku, bali kile kifuniko kidogo cha chini kinachofunika betri. Ilitoka betri nyeusi ya ukubwa wa tofali dogo, volti 12, ampea-saa 7, ile ile unayoikuta katika visanduku vingi vya bei nafuu duniani. Aliipapasa mbavu kutafuta uvimbe. Haikuwa imevimba. Akaweka mita: volti 5 na kidogo.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu namba hiyo ina hadithi. Betri ya aina hii ni ya risasi na asidi, uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na kwa umri wake wote huo kanuni yake haijabadilika. Ndani mna seli sita, kila moja ikitoa volti mbili na kidogo. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita husoma kama 12.7 au 12.8. Ikishuka chini ya 10.5 huku inafanya kazi, imekwisha nguvu, na kifaa chenye akili huikata ili isiumie. Unapoitumia, sahani zake za risasi hujipaka salfeti. Unapoichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha tupu wiki mbili, tatu, salfeti hugeuka fuwele ngumu, na fuwele hizo hazirudi tena. Wiki tatu za jenereta iliyoharibika zilitosha.

Lakini kwa nini kisanduku kisiwake hata kikiwa kimechomekwa kwenye umeme? Swali hili huwachanganya wengi, nami lilinichanganya. Kwa mantiki ya kawaida, umeme ukiwapo ukutani betri haina kazi. Fundi alinionyesha kwa kidole: katika vingi vya visanduku hivi vya bei nafuu, ubongo wa kifaa hulishwa na upande wa betri. Betri ikiwa maiti, ubongo haupati hata tone la kuamkia, hivyo haujui kwamba umeme uko mlangoni. Kitufe kinabonyezwa, na hakuna aliye macho wa kuitikia.

Hapo fundi wa haraka angesema, betri mbovu, lete pesa. Yeye alikuwa bado hajaamini. Betri inaweza kufa kwa sababu mwili wa kisanduku umeharibika na kuinyonya. Ukiweka betri mpya kwenye mwili mbovu, umeua betri ya pili, na pengine umewasha moto. Betri hiyo ndogo ikipitishwa njia ya mkato inaweza kuyeyusha waya mkononi mwako. Alivua pete kabla ya kuendelea, akaiweka kwenye kisahani cha skrubu.

Akachukua betri nzima ya taa ya omena, akachukua na balbu ya taa ya mbele ya pikipiki iliyokuwa imelehemewa nyaya mbili, akaiunga balbu hiyo katikati ya njia, kati ya betri na kisanduku. Hiki ndicho kipimo nilichokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji mita wala elimu ya kusoma namba. Kama ndani ya kisanduku transista kubwa zimeungua na kushikana, umeme wote utapita bila kizuizi, na balbu itawaka kwa nguvu na kubaki imewaka. Itakuwa imebeba madhara ambayo kisanduku kingeyabeba. Kama ndani ni salama, balbu itapepesa mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha itazima.

Aligusisha waya. Balbu ilipepesa kama ukope, ikazima.

Hakuna aliyesema kitu. Alitoa balbu, akaunga betri moja kwa moja, akabonyeza kitufe na kukishikilia kidogo. Tak. Mlio mmoja mfupi, taa ya kijani. Mama alipiga makofi. Fundi alichomeka balbu ya kawaida ya nyumbani nyuma ya kisanduku, ikawaka bila kuyumba, akaiacha kwa dakika kadhaa huku akigusa ubavu wa kisanduku kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anayepima homa.

Kwenye rafu yake kulikuwa na kisanduku kingine, cha mtu mwingine, ambacho hakikubahatika. Hicho alikuwa amekifungua mpaka ndani. Nilimwona mchana akikishughulikia: kwanza alitoa betri, kisha akagusisha kapasita kubwa kwa balbu ili zimwage umeme uliobaki, kisha akasubiri. Wakati wa kupima sehemu zenye umeme mkali mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, ili umeme ukimpata usipite kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Bodi ilikuwa imefunikwa na mizoga ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao hupanda juu ya maji kama nguzo za moshi na kuingia katika kila penye mwanga. Wanakufa juu ya bodi, unyevu wa ziwa unawalowesha, na mwili mdogo kama kipande cha uzi unakuwa daraja la umeme. Aliwaondoa kwa brashi ya rangi na spiriti, mmoja mmoja, bila haraka. Transista nne zilikuwa zimekwenda. Mwenye kisanduku alikuwa amebadilisha betri mara mbili kabla ya kumletea.

Turudi kwa mama. Ile betri yake fundi aliipa nafasi ya mwisho. Aliiunga kwenye chaja ndogo na kuitazama: volti zikapanda mpaka 14 kwa dakika chache, na mshale wa ampea haukuinuka. Ni kama mgonjwa anayelamba kijiko kimoja cha uji na kusema ameshiba. Alipoibebesha balbu ya indiketa, volti zilianguka chini ya 4 papo hapo. Kijana mmoja aliyekuwa akichungulia alishauri ifunguliwe itiwe maji. Fundi alisema inawezekana, itakupa wiki moja, pengine mbili, halafu itakuaibisha mbele ya mteja. Yeye hafanyi kazi ya wiki moja. Hapo ndipo alipoitamka kuwa imekufa, saa mbili baada ya kijana wa kwanza kusema hivyo hivyo kuhusu kisanduku kizima.

Ningeondoka wakati huo ningekuwa nimeridhika. Lakini fundi alikuwa bado na ile tak, tak.

Jua lilipozama, jenereta ya jirani ikawashwa, naye akaja kibandani na mita yake. Mita hiyo, kwa wasiojua, ni kifaa chenye asili ya kupendeza: mwanzoni mwa miaka ya 1920 Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza, alichoka kubeba vifaa vingi vya kutafutia kasoro kwenye nyaya za simu, akaviunganisha vitatu kuwa kimoja, cha ampea, volti na omu. Ya fundi wetu ni ya plastiki ya njano na ina kipimo cha ziada: huhesabu umeme unakamilisha mizunguko mingapi kwa sekunde. Umeme wa Kenya hukamilisha 50. Ile jenereta, ikiwa haina mzigo, ilisoma 55. Friji ya jirani ilipoanza kuvuta, ikashuka 46, ikapanda 52, ikashuka tena, ngurumo yake ikifuata namba hizo, juu na chini, kama mtu mwenye pumu. Kisanduku, sasa kikiwa na betri ya kuazima, kikaanza kugonga: tak, tak, tak.

Basi huu ndio ugonjwa. Kisanduku cha namna hii hukagua umeme unaokuja kabla ya kuupokea. Ukiwa umepotoka kupita kiwango chake, huufungia mlango na kuhamia kwenye betri. Ukinyooka, hufungua. Ile tak ndiyo mlango. Kila jioni, huku jenereta inanguruma na mama akidhani kisanduku kinachaji, kilikuwa kinaishi kwa betri, dakika baada ya dakika, na kilikuwa kinachaji kwa nafasi ndogo tu kati ya kugonga na kugonga. Betri haikuuawa na zile wiki tatu peke yake. Ilikuwa imeshinda na njaa kwa miezi kabla ya hapo, na wiki tatu zilimalizia. Betri mpya ingefuata njia hiyo hiyo.

Injini ya jenereta ndogo kama ile inatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gawanya kwa sekunde 60, unapata 50 zako. Injini ikipumua vibaya, gavana inahangaika, mara inaongeza mafuta, mara inapunguza. Fundi aliomba izimwe ipoe. Alifungua kabureta, akatoa kipande cha shaba chenye tundu dogo kuliko sindano, akalielekeza kwenye mwanga wa simu yangu. Tundu lilikuwa limezibwa nusu na utandu wa mafuta uliojikusanya kwa muda mrefu. Kutoka mfuko wa shati alitoa uzi mwembamba wa waya na kuupitisha taratibu, bila kulipanua tundu. Nilimwuliza alijifunza wapi kazi ya kabureta. Alisema, "Hii si kabureta, kaka. Hii ni karabai."

Jenereta ilipowashwa tena ilikuwa na sauti moja. Aligeuza skrubu ya gavana sehemu ndogo ya mzunguko, friji ikiwa imewaka, akisoma mita. Bila mzigo, 51 na nusu. Friji ilipoanza, ilishuka 49, ikarudi karibu na 50, ikatulia hapo. Tulisimama kibandani tukisikiliza. Kisanduku hakikugonga hata mara moja.

Kabla ya kuondoka alikishusha kutoka rafu ya juu, pale chini ya bati, akakiweka kwenye kigoda karibu na sakafu. Joto la bati mchana hula betri za namna hii: kanuni ya mafundi na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Alimwagiza mama akinunua betri mpya aangalie tarehe ya kutengenezwa, aipime kwa mita hukohuko dukani, na jenereta ikiharibika tena, asiache kisanduku kikae. Alete betri ichajiwe kwa paneli. Betri iliyokufa aliichukua yeye, kwa sababu wapo wanaozipasua ufukweni ili wapate risasi ya kuzamishia nyavu, na asidi yake huishia katika maji yale yale ambayo kisiwa kinateka. Huzikusanya, na mashua ikienda Mbita huzituma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Alitaja malipo yake: shilingi mia tano. Mama alicheka kidogo, akasema, "Lakini jaduong', mzee wangu, kisanduku hukukifungua hata."

Alilipa, naye ni mtu muungwana. Ila wengi hawalipi. Fundi aliniambia kwamba akitoa bodi na kuibadilisha, watu hulipa bila kubisha, na akikaa nusu siku kisha akarudisha kifaa kizima bila kubadilisha kitu, huulizwa alifanya nini. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, siku utakayompelekea fundi kifaa kilichogoma kuwaka, jibu maswali yake yote, hata yale unayoyaona ya kipuuzi, na umlipe kipimo chake kabla ya kuuliza amebadilisha nini.